Mama Safu, aliyelisoma ghala kwa vumbi lake

Saa moja kasoro robo asubuhi, lori la magurudumu kumi linarudi nyuma taratibu kuelekea mlango wa tatu wa ghala. Dereva wake hana habari na vioo. Macho yake yote yako kwa mwanamke mfupi aliyesimama pembeni ya jukwaa la kupakulia mizigo, kizibao cha njano kimemfika karibu na magoti, mkono mmoja juu, vidole viwili vinachezacheza hewani kama mtu anayemwita paka.

"Njoo, njoo, njoo... Bado. Nimesema bado, una haraka ya kwenda wapi? Haya. Hapo hapo. Zima."

Injini inazimwa. Kati ya bodi la lori na ukingo wa jukwaa imebaki nafasi ya kiganja kimoja. Mwanamke anainama, anaipima kwa kiganja chake mwenyewe, anaridhika.

Kitambulisho kinachoning'inia shingoni mwake kina jina zuri tu, ila humu ndani hakuna anayelitumia. Kwa wapakizi, madereva, hata kwa meneja wa ghorofani, yeye ni Mama Safu. Ana miaka arobaini na tatu, na ni karani mkuu wa mapokezi. Kila kinachoingia kwenye ghala hili, kuanzia sabuni hadi mbegu, kinapita mikononi mwake kwanza.

Kabla hajagusa hati ya mzigo, anapitisha kidole juu ya boksi la kwanza na kukitazama kwenye mwanga.

"Karatasi yako inasema mzigo umetoka kiwandani juzi," anamwambia dereva. "Vumbi hili ni la miezi miwili."

"Mama, mimi nimebeba tu."

"Na mimi nimeuliza tu. Kakojoe, kanywe chai, ukirudi tutakuwa tumejua."

Anaporudi, wameshajua. Tarehe iliyopigwa chapa chini ya boksi ni ya wiki tisa zilizopita. Mzigo unawekwa kando, simu inapigwa, na Mama Safu anafuta kidole chake kwenye kizibao.

Ni Alhamisi, na kwake si Alhamisi ya kawaida. Saa nane mchana atapanda ngazi kwenda kukaa mbele ya watu watatu watakaoamua nani awe msimamizi wa ghala jipya la kampuni, lililojengwa nje ya mji, kubwa mara tatu ya hili. Walioomba walikuwa wengi. Wamebaki wawili: yeye, na mwanamume kutoka nje ya kampuni mwenye shahada ya mambo hayo hayo ya maghala na usafirishaji.

"Naogopa," anasema bila kuzungukazunguka. "Mwaka jana niliitwa mle mle ndani, kwa nafasi ya kiongozi wa zamu. Waliniuliza swali la kwanza, ulimi ukagoma. Nikawatazama, wakanitazama. Nilitamani sakafu ipasuke inimeze. Nikikosa na hii, sidhani kama wataniita tena, na mimi sidhani kama nitaomba."

*

Alifika kwenye geti la kampuni hii miaka kumi na minne iliyopita, akiwa na watoto wawili wadogo na elimu ya darasa la saba. Alikuja kutafuta kibarua cha kupakua mizigo. Kila asubuhi watu walijipanga ukutani, msimamizi anapita, anachagua kwa macho.

"Alikuwa akiangalia mabega," anakumbuka. "Mimi alikuwa akiangalia utosi, anaruka."

Alisimama pale siku arobaini na moja. Katika hizo, alipata kazi siku saba. Wenzake walimtania kwamba anasubiri arefuke. Siku ya arobaini na mbili mfagiaji wa ghala aliacha kazi, msimamizi akatoka na ufagio mkononi akauliza nani anautaka. Wanaume wote wakatazama pembeni.

"Mchagua jembe si mkulima," anasema Mama Safu. "Niliudaka kabla hajamaliza kuuliza."

Nusura ufagio huo huo umfukuzishe. Wakati ule ghala halikuwa na kompyuta. Lilikuwa na mtunza stoo, mzee mnene mwenye hasira za karibu, aliyependa soda kuliko maji. Kila mzigo ulioingia aliuwekea vifuniko vya chupa sakafuni, mbele ya safu: kifuniko kimoja kwa mzigo wa zamani zaidi, viwili kwa uliofuata, vitatu kwa mpya. Wapakizi walijua kwamba wanaanza kutoa penye kifuniko kimoja, ili kilichotangulia kuingia kitangulie kutoka na kisiozee ndani. Utaratibu huo ulikuwa kichwani mwao tu. Hakuna aliyewahi kuuandika, na hakuna aliyekumbuka kumwambia mfagiaji mpya.

Wiki yake ya tatu, Jumamosi, Mama Safu aliamua kuwaonyesha watu usafi ni nini. Alifagia safu zote ishirini na mbili. Alivizoa vifuniko vyote, ndoo ikajaa, akaenda kuvitupa. Kisha akasimama mlangoni akisubiri kusifiwa.

Mtunza stoo bado yupo, anastaafu mwishoni mwa mwaka huu, na akikumbushwa siku hiyo hujishika kiuno.

"Niliingia nikaona sakafu inang'aa," anasema. "Nikasema, nani amefiwa hapa? Halafu nikaelewa. Mwanangu, sikutukana. Nilishindwa nianzie tusi gani. Nilikaa juu ya boksi."

Alipopata sauti alimpa mfagiaji wake njia mbili: arudishe mpangilio kama ulivyokuwa, au arudi ukutani na wenzake.

Ilimchukua siku nne. Boksi kwa boksi, alipiga magoti na kusoma tarehe ndogo zilizopigwa chapa pembeni, akiziandika kwenye daftari la mtoto wake. Maboksi yalizidi elfu tatu. Siku ya kwanza alilia. Siku ya pili hakuwa na muda wa kulia. Siku ya tatu alianza kuona kitu ambacho, anaamini, kilibadili maisha yake.

"Niliona vumbi halilingani," anasema. "Kuna safu ukigusa, mkono unatoka msafi. Kuna nyingine ukigusa, unaweza kuandika barua. Nikajiuliza, kwa nini? Mimi ndiye ninayefuta, na nafuta zote siku moja. Nikagundua zile zisizo na vumbi ni kwa sababu mizigo yake haikai. Inaingia, inatoka. Yenye vumbi, hakuna anayeitaka."

Na yenye vumbi ndiyo iliyokuwa imewekwa karibu na mlango. Sabuni, chumvi na maziwa ya unga, ambayo wapakizi waliyafuata mara hamsini kwa siku, yalikuwa mwisho kabisa wa ghala. Watu walikuwa wakitembea kutwa nzima kuvipita vitu visivyotembea.

Alimweleza mtunza stoo. Mzee akamwambia aendelee kufagia. Wiki moja baadaye, kwa kisingizio cha kuvuja kwa paa, mzee huyo huyo akaamuru sabuni ihamishiwe mlangoni.

"Kisingizio gani? Paa lilikuwa linavuja kweli," anajitetea mtunza stoo, halafu anacheka mwenyewe. "Haya, lilikuwa linavuja kidogo."

Mwezi ule malori yalianza kuondoka saa tisa badala ya saa kumi na moja jioni. Ghorofani wakauliza kumetokea nini. Mzee, kwa sifa yake, hakuficha. Alimpandisha yule mfagiaji ngazi akamtaja. Mfagiaji aliporudi chini alikuwa karani msaidizi, na wapakizi walikuwa wameshampa jina.

*

Saa sita mchana ghala linatulia. Wapakizi wametoka kula. Mwanga unashuka kutoka kwenye mabati ya plastiki yaliyo kwenye paa, unapita katikati ya rafu ndefu, na ndani yake chembe za vumbi zinaelea bila haraka. Kuna harufu ya sabuni, ya mbao na ya karatasi ngumu. Mama Safu ameketi juu ya paleti tupu, kichanja cha mbao cha kupangia maboksi, katikati ya safu ya tisa na ya kumi, viatu amevivua.

Hapa ndipo mtu anapoelewa kwamba mwanamke huyu, mkali wa kuongoza malori, ni mwotaji wa mchana kweupe.

"Hili," anasema, akilipiga boksi la sabuni za watoto kofi dogo, "linaenda mbali, siku mbili barabarani. Litafika kwenye duka dogo lenye mlango wa bluu. Usiniulize nimejuaje mlango ni wa bluu. Kuna baba atakuja mbio, mkewe amejifungua usiku, hata hajui anunue nini. Atauziwa sabuni hii. Atarudi nayo ameishika kama yai."

Macho yake yanafuata kitu ambacho mwandishi hakioni.

"Mashine walizotuletea ni nzuri. Nazipenda. Unalielekezea boksi mwanga mwekundu, inakwambia lipo wapi, limeingia lini. Ila kila boksi lina mtu anayelingoja mahali, na huyo mashine haimjui. Mimi pia simjui. Basi namtunga."

Hakuzaliwa akijua mashine hizo. Akiwa na miaka thelathini na minane alijiandikisha masomo ya jioni ya utunzaji wa maghala, mwaka mmoja na nusu, darasani akiwa mkubwa kuliko mwalimu. Alianguka mtihani wa hesabu mara ya kwanza kwa alama tatu. Alirudia, akapita. Kisha akajifunza kuendesha folklifti, gari la kuinulia mizigo, kwa siri kwa sababu aliogopa kuchekwa. Alichekwa. Kiti kilibidi kiwekewe mto ili aone mbele.

Mumewe ni fundi cherehani mwenye kibanda mtaa wa pili kutoka kwao, mwanamume mrefu mwenye maneno mengi.

"Mke wangu hata usingizini yuko kazini," anasema fundi, sindano ikiwa pembeni ya mdomo. "Nasikia, 'Shusha! Kushoto kidogo!' Mimi nasogea kushoto. Siku moja nilisogea mpaka nikaanguka. Asubuhi nikamwambia, mama watoto, jana umenishusha mpaka sakafuni. Akaniuliza kama nilipasuka."

Anapoulizwa kuhusu usaili, anaacha mzaha na kulitoa shati jeupe chini ya meza.

"Nimemshonea. Nimelifumua mara mbili, kola ilikuwa haijakaa. Mwaka jana alirudi kutoka mle ndani hakusema neno siku tatu. Nilizoea kelele zake. Nyumba ilikuwa baridi. Sitaki kuona hivyo tena."

*

Saa nane kasoro dakika tano anapanda ngazi, shati jeupe limemkaa sawasawa. Wapakizi wanajifanya wana kazi karibu na ngazi. Dakika arobaini baadaye anashuka, anavaa kizibao chake, anaendelea na lori lililosubiri. Mpakizi mmoja anamletea maji, anayanywa, anamrudishia kikombe, basi.

Yaliyotokea ghorofani yalisimuliwa baadaye na meneja, ambaye alikuwa mmoja wa wale watatu.

Swali kuu lilikuwa moja kwa wote wawili: ukikabidhiwa ghala tupu kesho, utaanzia wapi? Mwenye shahada alijibu vizuri sana, kwa picha za rangi ukutani. Mama Safu aliposikia swali, alinyamaza. Sekunde zikapita. Alifumba macho.

"Nikasema moyoni, yaleyale ya mwaka jana," anasema meneja. "Nilitaka kumwonea huruma niruke swali. Mara akafumbua macho akatuuliza yeye. Akasema, 'Samahani, milango ya kupakulia imeelekea upande gani, jua linakochomoza au linakozama?'"

Ramani ya jengo ilikuwa mezani. Watu watatu wenye suti wakaigeuza huku na huku. Hakuna aliyejua. Mmoja alisimama akaenda dirishani kutazama jua, kana kwamba lingemjibu. Mwishowe walimpigia mjenzi simu, na mjenzi akasema: linakochomoza.

Basi akaanza kuongea, na hakunyamaza. Aliwaeleza kwamba malori mengi hupakuliwa asubuhi, milango ikiwa wazi, na jua la asubuhi litaingia ndani hatua kumi na tano kwa miezi fulani ya mwaka. Kila watakachoweka katika hatua hizo kitachemka: dawa za maji, mishumaa, mafuta ya kujipaka. Ghala hili la sasa liliwahi kupoteza mishumaa mia nne, iliyogandana ikawa mshumaa mmoja, kwa sababu hiyo hiyo. Pale mbele lazima pakae chumvi na sabuni za unga, vitu visivyoogopa jua na vinavyotoka haraka. Aliwapangia ghala zima, safu moja baada ya nyingine, akiwa amelitazama dari.

"Alituambia na harufu," anasema meneja. "Kwamba majani ya chai yasikae jirani na sabuni, kwa sababu chai ni mwizi wa harufu. Tulisahau kumuuliza maswali mengine. Nilikuwa nimeshaingia kwenye ghala ambalo halina hata rafu moja."

*

Jibu lilikuja Jumanne iliyofuata, saa nne asubuhi. Meneja alishuka ngazi mwenyewe. Mama Safu alikuwa juu ya folklifti, paleti la mbegu likiwa hewani. Alipoambiwa amepata, kwa majaribio ya miezi sita, aliuliza kama anaweza kwanza kulishusha.

Alilishusha salama. Kisha akazima mashine, akauegemeza uso wake kwenye usukani, na mabega yakaanza kutikisika. Mtunza stoo, aliyekuwa amekuja kusikiliza, aliwageukia wapakizi akiwauliza wanatazama nini, hawajawahi kuona mtu akilia? Yeye mwenyewe alikuwa akijifuta kwa mkono wa shati.

"Nilimfikiria na yule kaka mwenye shahada," anasema Mama Safu. "Amepigiwa simu siku hiyo hiyo akaambiwa asante. Najua anavyojisikia. Kurudi nyumbani na shati la usaili ni mzigo mzito kuliko yote niliyowahi kupokea."

Jumamosi, siku mbili kabla ya kuanza rasmi, anakabidhiwa funguo. Anakwenda na mumewe, ambaye amefunga kibanda na kubeba futi yake ya ushonaji mfukoni, asije akahitajika.

Milango ya chuma inafunguka, na jua la asubuhi linaingia pamoja nao. Ndani hakuna kitu. Sakafu ya kijivu inakwenda mbali mpaka mtu wa upande wa pili angeonekana mdogo. Fundi anakohoa kidogo ili asikie mwangwi, unarudi mara mbili, anakohoa tena.

Mama Safu anatembea. Hatua kumi na tano kutoka mlangoni anasimama: kweli, mwanga umekomea pale, karibu na ncha za viatu vyake. Anatabasamu na kuendelea.

"Hapa chumvi," anasema. "Hapa sabuni za unga. Baba watoto, toka hapo, umesimama kwenye maziwa."

Fundi anaruka pembeni.

"Hapo tena umeingia kwenye mishumaa."

"Basi niambie pa kukanyaga."

"Njia hii hapa, huioni? Pana, folklifti mbili zinapishana." Anatembea katikati ya njia isiyokuwapo, anakata kona mahali pasipo na kona, na mumewe anamfuata nyuma akikata kona hiyo hiyo kwa adabu. Chai iko kule mwisho, peke yake. Dawa upande wa kivuli. Mbegu juu, mbali na unyevu. Anavyozidi kutaja ndivyo sauti yake inavyozidi kuwa ya chini, hadi inakuwa kama anaongea na vitu vyenyewe. Ni nusu saa nzima, na katika nusu saa hiyo jengo linajaa.

Fundi ndiye anayemrudisha.

"Na wewe?"

"Mimi nini?"

"Umeweka chumvi, umeweka chai, umeweka mpaka mishumaa. Ofisi yako iko wapi? Wewe unakaa wapi humu?"

Mama Safu anageuka kushoto, anageuka kulia. Halafu anaanza kucheka, kicheko cha kushikilia tumbo, kinachogonga ukuta wa mbali na kurudi.

"Nimejisahau," anasema. "Baba watoto, wallahi nimejisahau. Kila kitu kimepata pa kukaa."

"Basi sogeza kitu."

Hacheki tena. Anaweka mkono kiunoni na kutazama juu. Ofisi iliyochorwa kwenye ramani iko ghorofani, nyuma ya kioo, na ina kiti kinachozunguka. Ameshaiona. Anaipa kisogo, anarudi hadi upande wa kushoto wa mlango mkubwa, kwenye ukingo wa ile sehemu ya chumvi, na kukanyaga sakafu mara mbili kwa kisigino.

"Chumvi isogee. Meza hapa. Bila ukuta."

Fundi anapiga goti, anatoa futi yake na kuanza kupima: mita mbili kwa moja na nusu, kisha anaongeza nusu nyingine bila kuambiwa. Mkewe hamngoji amalize. Anajishusha pale pale chini, ananyoosha miguu, anauegemeza mgongo kwenye ukuta wa ghala na kutazama nje, kwenye barabara mpya ambayo bado haijapitwa na kitu.

"Jumatatu, saa moja," anasema. "Lori la kwanza litanikuta hapa."